Somo la magamba ya konokono kwa mzee wa Shela, Malindi

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Mtoto shilingi 300, mtu mzima 500, na mwalimu aliyeleta darasa halipi. Mkishuka mwambani ndani ya Hifadhi ya Bahari, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kando na mnailipa wenyewe. Kwa pesa hizo mnakaa na mzee asubuhi nzima: kwanza mezani, barazani kwake, kisha pwani maji yakishatoka. Unalipa kwa M-Pesa au mkononi, na chai ya tangawizi na mahamri ni juu ya watu wa nyumba yake. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa Gredi ya 7, na kwa maoni yangu hakuna somo la sayansi hapa Malindi linalolifikia hili kwa bei hii. Yako mambo ya kurekebisha nami nitayataja, lakini hukumu yangu ndiyo hiyo.

Ni Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Mzee mwenyewe alikuwa mvuvi, na babake aliwauzia watalii makombe enzi zile ambapo huwezi kufika ufukweni bila kupita meza ya makombe. Masanduku yaliyobaki ya baba ndiyo anayofundishia. Mapya haokoti, wala hauzi hata moja. Siku yetu alikuwapo baba mmoja na mwanawe, wageni kutoka Nairobi, na yule mtoto akalipenda dondo moja, gamba la kauri kubwa. Baba akatoa noti. Mzee akamwambia kwa upole, "Hizi ni za darasa, bwana. Mwache alishike mpaka aridhike," na mtoto akakaa nalo mapajani muda wote wa somo.

Nimewahi kuwapeleka watoto kwa safari nyingine za pwani, zikiwemo za boti zenye sakafu ya kioo, na kinachotokea huko mnakijua. Kijana anasimama mbele, anataja majina kwa haraka, watoto wanaitikia, boti inarudi. Ukiwauliza kesho yake, wanakumbuka kuwa waliona samaki wa manjano. Kwa mzee jina linakuja mwisho. Mtoto hupewa gamba mkononi na haambiwi ni la nini mpaka alieleze, na kulieleza kuna utaratibu wake. Ncha juu, kinywa kikutazame. Ukilishika hivyo, kinywa kiko upande gani? Sasa hesabu mizunguko kwa kufuata mshono, ule mstari kati ya mzunguko na mzunguko. Mnara, yaani mizunguko ya juu kuelekea nchani, ni mrefu au mfupi? Mzunguko wa mwisho una ukubwa gani ukilinganisha na mengine yote juu yake? Kinywa ni cha duara au ni ufa? Mdomo wa nje ni mwembamba, mnene, una meno? Chini kuna mfereji? Kuna kitovu, kile kishimo cha chini katikati? Akishayajibu hayo mtoto mwenyewe keshajua gamba lake linafanana na lipi kwenye sinia, na jina analipokea akiwa na pa kuliweka.

Vitabu vyetu vya darasani hupita juu ya wanyama hawa kwa aya moja: moluska wenye gamba moja, mfano konokono. Basi. Na hili ni kundi lenye aina zaidi ya 60,000 zinazoishi leo, baharini, mitoni, bustanini, hata juu ya miti ya mikoko. Mtoto wa Malindi anayakanyaga magamba yao kila Jumamosi.

Sinia la kwanza lina magamba yale marefu membamba yenye ncha kali, ya konokono wanaojizika mchangani. Mzee huanza nayo kwa sababu mizunguko inahesabika kwa macho, mmoja juu ya mwingine, na mshono kati yao umechorwa wazi. Hapo ndipo alipouliza swali lililowagawa wanafunzi wangu: kati ya ncha na kinywa, wapi pa zamani? Wengi walisema kinywani, kwa kuwa ndiko konokono anakotokea. Akawapa gamba lililopasuliwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Konokono huzaliwa na kigamba kidogo mno, na kigamba hicho ndicho ile ncha. Kila anapokua huongeza ukingoni mwa kinywa, kwa utando laini wa mwili wake unaotoa chokaa, kalsiamu kaboneti kwa lugha ya darasani. Hahami, habadilishi gamba, halivui kama kaa anavyovua lake. Anachokibeba ni umri wake wote. Msichana mmoja aliweka kidole kwenye ncha akauliza, "Kwa hiyo hapa alikuwa mtoto?" Mzee akasema naam, na hapo kwenye tuta nene alipumzika, hakukua kwa muda, ndiyo maana mdomo ulinenepa kabla hajaendelea.

Matuta hayo tuliyaona vizuri zaidi kwenye magamba yenye miiba, ya sinia la tatu. Kila tuta ni mdomo wa zamani. Kwa mtu anayejua kutazama, unaweza kulisoma gamba la namna hiyo kutoka juu hadi chini na kuona alisimama mara ngapi.

Lile gamba lililopasuliwa linastahili sifa ya peke yake. Ndani unaiona nguzo ya kati, ile ambayo mizunguko yote imejizungusha juu yake, imesokotwa kutoka kileleni hadi chini. Wenye vitabu huiita kolumela. Msuli wa konokono umeshika hapo, na ndiyo maana ukimgusa anajivuta ndani kwa nguvu. Mzee alitaka kila mtoto apitishe kidole juu ya nguzo hiyo taratibu, na alisubiri, hakuharakisha mtu. Kisha akatoa gamba jingine lililopasuliwa, dogo, jeusi kwa nje, la wale konokono wa duara wanaojazana juu ya mawe hapa ufukweni, nerita. Ndani ni patupu! Nerita huziyeyusha kuta za ndani kadiri anavyokua, akabaki na chumba kimoja. Ningependa kila mwalimu afundishe hivi, kanuni kwanza halafu yule anayeivunja, papo hapo, mkononi.

Alifanya vivyo hivyo kwenye vinywa. Kwa kawaida, alisema, konokono mwenye kinywa cha duara kisicho na mfereji anakula mwani, na mwenye mfereji anawinda. Mfereji ni njia ya mrija anaoutoa nje kuvuta maji na kunusa kitoweo. Watoto wakaanza kuyagawa magamba mafungu mawili, walaji mwani huku, wawindaji kule, kwa furaha kubwa. Akawaacha wamalize. Halafu akachukua moja jeupe, laini, la duara kabisa, lililowekwa kwa walaji mwani, na kando yake akaweka nusu ya kombe la pande mbili lenye tundu dogo. "Aliyetoboa hili ni huyu." Ni konokono wa mchangani anayemkumbatia mnyama wa kombe kwa mguu wake, akatoboa ganda lake kidogo kidogo, akamla humo ndani. Tukalizungusha tundu lile chini ya kioo cha kukuzia. Pana nje, jembamba ndani, ukingo umechongwa kwa mshazari kuzunguka, safi kuliko kazi ya fundi. Wengine, wale wa miiba, hutoboa tundu la kuta zilizonyooka. Tangu siku ile wanafunzi wangu hawaokoti kombe lenye tundu bila kubishana nani alitoboa.

Kitovu niliona kwenye gamba moja tu na sitalisahau. Ni lile bapa, la kahawia na nyeupe, ambalo juu halina maajabu. Ulipindue. Chini kuna shimo pana katikati, na ukitazama ndani yake unaona ukingo wa kila mzunguko ukishuka kuelekea kileleni kama ngazi ya mnara wa msikiti. Wengine wana kitovu kidogo, wengine kimezibwa kabisa na mdomo wa ndani, na wengi hawana.

Kuhusu upande wa kinywa: katika masanduku yote yale, magamba ya kuzunguka kushoto hayamo. Mzee anawaachia watoto watafute kwanza. Konokono walio wengi mno huzunguka kulia, na wa kushoto katika aina ambayo kawaida ni ya kulia ni adimu, kiasi kwamba huko India gamba takatifu la Wahindu, likizaliwa la kushoto, huthaminiwa kuliko yote. Mwanafunzi wangu aliuliza nani anayeamua. Hapo niliingilia kidogo kwa kuwa ni eneo langu: katika konokono wa vidimbwini waliochunguzwa sana, uamuzi unatoka kwa jeni za mama, si za yule anayezaliwa, na unaonekana yai linapoanza tu kugawanyika. Mzee alinisikiliza kwa makini, akauliza maswali, na alipolifundisha kundi la pili la darasa langu nikamsikia akilieleza mwenyewe. Mwalimu wa namna hiyo ni neema.

Sinia la kauri ndilo lililonigusa zaidi. Bibi yangu, mshona kofia, alikuwa na dondo moja alilolainishia mishono. Alikuwa akilisugua juu ya kitambaa mpaka mshono unalala. Nimelishika dondo utotoni mwangu kote na sikuwa nimeambiwa kwa nini linang'aa vile bila kupakwa kitu. Konokono wa kauri, akiwa hai, hutoa utando wake nje na kulifunika gamba kwa pande zote mbili, hadi zinakutana mgongoni. Analilinda na kulipaka chokaa mpya muda wote, ndiyo maana halina ile ngozi nyembamba ya kahawia inayofunika magamba ya konokono wengine wengi. Watoto waliulizwa ncha ya kauri iko wapi, wakazungusha weee wasiione. Mzee akatoa kauri changa, nyembamba, dhaifu, yenye mnara mfupi unaoonekana na mdomo wa nje ulio wazi. Kauri akikomaa, mzunguko wa mwisho humeza yote yaliyotangulia, mdomo wa nje hujikunja kuelekea ndani na kuota meno, na kinywa hubaki ufa mrefu. Tangu hapo harefuki tena, hunenepa tu. Aliyafuatanisha magamba sita ya umri mbalimbali kwenye kitambaa cheusi, kutoka changa hadi zee. Ningelipa shilingi 300 kwa ule mstari peke yake.

Kauri za pete, zile ndogo zenye mviringo wa rangi ya chungwa mgongoni, alizigusia kwa historia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizibeba kwa shehena kutoka pwani yetu, wakipitia Zanzibar, kwenda Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha. Niliwakumbusha watoto kwamba pale kwenye magofu ya Gede, ambako mwanaakiolojia Kirkman alianza kuchimbua 1948, iko nyumba inayoitwa Nyumba ya Kauri kwa sababu ya vilivyopatikana humo. Walikuwa wameiona na kuipita. Sasa wanataka kurudi.

Sehemu ya koni ni fupi na kali, na ndivyo inavyotakiwa. Gamba lenyewe linapendeza kushinda yote: mnara bapa, mzunguko wa mwisho unaochukua karibu gamba zima, kinywa ufa mwembamba kutoka juu hadi chini. Mwenye gamba hilo ana jino lenye sumu analolirusha kwa mrija, na aina mojawapo, Conus geographus, imeua watu. Dawa ya kuizimua sumu hiyo haipo. Mzee hakutisha mtu kwa hadithi. Aliwaamuru watoto wataje umbo kwa maneno yao, mmoja mmoja, na aliyekosa alirudia. Umbo hili ukiliona mwambani, mikono nyuma. Kuna wanaosema lishike upande mpana. Mrija wake hufika huko pia. Nilimsaidia kuongeza kwamba sumu ya ndugu yake, Conus magus, ndiyo iliyozaa dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoruhusiwa Marekani 2004. Hilo liliwafanya wanyamaze kwa namna nyingine.

Vifuniko alivipitia upesi. Kuna vya pembe, laini, na kuna vile vizito vya mawe vya konokono wa kilemba, vinavyoziba kinywa sawasawa. Kauri aliyekomaa hana, wala wale wenye gamba la umbo la kofia wanaong'ang'ania mawe.

Kabla ya kushuka pwani alifanya jambo moja ambalo nimelichukua darasani kwangu. Aliweka mezani vitu vinne na kuuliza kipi ni gamba la konokono: kofia ya mwambani, kipande cha ganda la mnyama mwenye vibamba vinane mgongoni, kijigamba cheupe kilichojikunja ambacho huokotwa ufukweni, na kipande cha ganda kubwa lenye vyumba ndani. Watoto walichagua vile viwili vilivyojikunja. Jibu ni ile kofia, isiyojikunja hata kidogo. Kile cheupe ni cha spirula, jamaa ya ngisi, na mizunguko yake haigusani. Ukikivunja kina kuta ndani. Kile kikubwa ni cha nautilasi, naye ni jamaa ya pweza. Konokono huishi katika gamba lote hadi pale mwili wake unapofika, hajengi vyumba vya hewa nyuma yake. Kinachomtambulisha hasa ni mwili: angali mchanga sana, sehemu ya ndani hujipinda nusu duara, hata njia ya haja ikaja kukaa juu ya kichwa. Watoto walicheka, naye akawangoja wacheke, kisha akaendelea.

Pwani tulishuka kama saa 4 na nusu, na maji yalikuwa yametoka mbali. Mzee hupanga somo kwa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kuwa hapa kwetu wakati huo maji hutoka asubuhi katikati na mwamba unabaki wazi kwa muda wa kutosha. Maji mafu, yale yasiyotoka mbali, hakubali kabisa, hata ukimbembeleza. Hifadhi ilitangazwa 1968 na ndani yake hakuna kuokota, hata gamba tupu, na hilo alilisema kabla ya mtu kuvua kiatu. Tulitembea kwenye mchanga na jiwe tupu, mbali na matumbawe yaliyo hai.

Kwenye dimbwi moja la maji ya magotini alimwona konokono mdogo wa mchangani, rangi ya mchanga mtupu, mgongo umevimba kidogo. Alimpindua kwa kidole, akamwacha chali, akatuambia tukae kimya. Kwanza hakuna kitu. Kisha chini kabisa ya mdomo wa nje, penye kijipengo ambacho mezani tulikuwa tumekitaja bila kujua kazi yake, likachungulia jicho juu ya kikonyo. Jicho kamili, lenye mviringo wa rangi, likitutazama. La pili likatokea kando yake. Halafu ukatoka mguu mwembamba wenye kifuniko kirefu kilichochongoka mwishoni, ukapapasa mchanga, ukakita, na konokono mzima akaruka akageuka. Watoto walipiga kelele mpaka watu wa boti wakageuka. Kifuniko ambacho mezani kilikuwa mlango, kwa huyu ni kucha ya kujisukumia. Mzee aliwauliza, "Sasa kile kijipengo ni cha nini?" Na walijibu wote.

"Babu, na huyu mbona anakimbia?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma. Alikuwa na gamba linalotembea kwa kasi isiyo ya konokono. Ni kaa, wale wanaoishi ndani ya magamba ya waliokufa. Tumbo lake ni laini na limejipinda kulia ili liingie katika magamba ambayo karibu yote ni ya kulia, na mwisho wa tumbo unaishika ile nguzo ya kati. Kila kitu cha mezani kilirudi: upande, nguzo, kinywa. Mzee alionyesha kaa mwenzake aliyejibana kwenye gamba dogo kuliko mwili wake, makucha yote nje, na akasema gamba tupu tunalolipeleka sebuleni ndilo alilokuwa akilitafuta huyu. Sikuhitaji kuongeza neno.

Sasa yale ya kurekebisha. Baraza linachukua watoto 15 kwa raha. Nilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, kwa hiyo niliwagawa, na kundi lililosubiri halikuwa na la kufanya ila kukaa chini ya mwarobaini. Vioo vya kukuzia ni viwili tu. Agizeni watoto waje na vyao, au shule ichange inunue, si ghali. Choo ni kimoja, cha nyumbani, ni safi lakini foleni ni ndefu. Karatasi ya kuandikia sehemu za gamba hana. Nimemchorea moja, yenye gamba zima na gamba lililopasuliwa, na ameahidi kuitolea nakala.

Kuna sinia moja ambalo ningeliondoa. Magamba yake alipewa na duka moja la zawadi lililofungwa, nayo yamepakwa vanishi mpaka yanametameta. Ngozi ya nje imekwanguliwa, rangi si yake, na mtoto akifika mwambani atatafuta kitu kisichokuwepo. Nilimweleza mzee. Alisema huyaweka ili watu waone tofauti, lakini siku yetu hakuisema hiyo tofauti, na watoto wawili waliyapenda hayo kuliko yote. Ayatumie kwa kusudi hilo waziwazi au ayafungie.

Kubwa zaidi ni mikoko. Mida, mkono wa bahari wenye mikoko, si mbali na sisi, na kule kuna konokono wa matopeni na wa mitini ambao hawafanani na hawa. Yuko mmoja anayepanda shina la mkoko kabla maji hayajajaa na kushuka yakitoka, na gamba lake likikomaa ncha yake huwa imekatika, kwa kawaida yake, wala hajaumia. Baada ya somo zima la ncha, huyo ndiye mtoto angepaswa kumwona! Mzee alimtaja kwa dakika mbili akaendelea. Nimemwomba aandae somo la pili la Mida hata kwa bei ya juu, na anasema nauli ya gari ndiyo inayomzuia. Tukijiunga shule mbili tatu nauli hiyo haitakuwa neno.

Mwenye kutaka kwenda asubiri kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari. Wakati wa mvua mto Sabaki huleta matope hadi maji ya ghuba yanageuka hudhurungi, na dimbwini hutaona hata kidole chako. Piga simu angalau wiki moja mbele, uulize bamvua inaangukia siku gani, ufike saa 2 kamili maana mzee hamngoji mtu. Bahari nayo haingoji. Viatu viwe vya kufunga, si kandambili, kwa sababu ya wale wanyama wa duara wa mwambani, si konokono, wenye miiba mirefu myeusi. Kofia, maji ya kunywa, na nguo ambayo mama hatakasirika ikilowa chumvi. Mimi nawarudisha Gredi ya 8 bamvua ya mwezi mpevu wa Januari, na nafasi za kundi la pili zipo. Mwalimu anayetaka kuungana nasi aniambie mapema ili niagize chai ya kutosha.